Shajara ya kurudia aljebra: wiki kumi na kaunta buku moja

4 Agosti

Nimenunua kaunta buku ya kwaya mbili, penseli tatu na kifutio. Ukurasa wa mbele nimeandika tarehe ya leo. Ukurasa wa mwisho kabisa nimeandika MAKOSA na kupiga mstari chini yake. Mazoezi yatatoka mbele kwenda nyuma, makosa yatatoka nyuma kuja mbele, yakutane yatakapokutana.

Sababu ya yote haya: mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa Morogoro, miaka 40. Kidato cha Nne nilimaliza 2003, Hisabati F. Nikaenda kusomea ufundi, nikapata cheti, nikaingia mtaani, na tangu hapo sijaguswa na x wala y. Mwezi wa kumi naanza stashahada ya umeme. Chuo kimenipokea kwa cheti changu, ila wiki ya kwanza kuna jaribio la hisabati: maswali 20, saa moja na nusu, bila kikokotoo. Ukipata chini ya 10 unapangiwa darasa la nyongeza kila Jumamosi, muhula mzima. Fundi yeyote anajua Jumamosi ni nini. Ndiyo siku mwenye nyumba yuko nyumbani na hela anayo.

Jioni nimejipima kwa maswali 20 ya ngazi ya Kidato cha Pili, kutoka kitabu cha binti yangu. Nimepata 4. Mawili kati ya hayo nilibahatisha.

Utaratibu: saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi na mbili, kabla simu za wateja hazijaanza. Kila kosa linapewa namba na sababu. Ni marufuku kuandika "nilikosea". Hiyo si sababu.

6 Agosti

Leo sikufanya hesabu hata moja, nimefanya kazi ya lugha. Darasa la saba nilikuwa mzuri tu. Nilijua KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika), nilijua vipeuo, nilijua sehemu. Nilipoingia Kidato cha Kwanza, KDS ikawa LCM, mlinganyo ukawa "equation", na mimi nikawa mtu wa kunakili ubaoni. Juu ya hapo, shule yetu ilikaa karibu miaka miwili bila mwalimu wa hisabati. Aliyekuwa akija kutuokoa alikuwa mwalimu wa jiografia, na alijitahidi, Mungu ampe heri.

Jaribio la chuo litakuwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo nimechora safu mbili kwenye karatasi ngumu: kushoto neno la kwenye mtihani, kulia neno ninalolielewa. Yametoka maneno 31. Nimeibandika ukutani juu ya kabati la vyombo, na mama watoto ameuliza kama sasa tunafungua shule.

Hesabu nitazifikiria kwa Kiswahili na kuziandika kwa Kiingereza. Siku zote ndivyo ilivyokuwa, nilikuwa sijakubali tu.

8 Agosti

Nane Nane. Toka juzi niko uwanjani nafunga taa na soketi kwenye mabanda ya maonyesho, narudi saa nne usiku. Dakika sifuri.

13 Agosti

Nimerudi na aibu ndogo. Swali: 10 − 3 + 2. Nikaandika 5. Binti yangu, Kidato cha Pili, akachungulia begani akasema, "Baba, hiyo ni 9."

Nikamwambia MAGAZIJUTO: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Jumlisha inakuja kabla ya toa. Tatu na mbili ni tano, kumi toa tano ni tano. Nimekariri hilo neno tangu darasa la nne, silegezi kamba. Akachukua simu, akabonyeza, akanionyesha 9, akaenda zake kuchota maji.

Nimekaa na hili nusu saa nzima na nadhani nimeliona tatizo. Alama ya kutoa ni mali ya namba iliyo mbele yake. Hapo kuna 10, kuna toa 3, kuna ongeza 2. Ukitaka kujumlisha kwanza, sawa, jumlisha 10 na 2 upate 12, kisha toa 3. Inatoka 9. Mimi nilichukua 3, nikaivua alama yake, nikaijumlisha na 2 kama vile ilikuwa ya kujumlishwa. MAGAZIJUTO haikunidanganya, niliisoma vibaya kwa miaka thelathini.

Jambo la kuchekesha ni kwamba kwenye GAZI sijawahi kuumia. Chukua 2 × 6 ÷ 3. Anza kugawanya, anza kuzidisha, inatoka 4 tu. Madhara yote yako kwenye JUTO. Wahenga walishasema majuto ni mjukuu, na kwangu yamekuja kupitia binti.

Kosa namba 9, sababu: nilitenganisha namba na alama yake.

19 Agosti

Namba hasi. Nimezisoma kwa njia ya duka na sitaki kusikia njia nyingine.

Mangi wa hapa kona ana daftari, na ndani yake mimi nimo. Nikiwa na 3,000 mfukoni na deni la 5,000 kwake, hali yangu halisi ni −2,000. Akifuta deni lile, yaani akitoa lile deni la 5,000, hali yangu imepanda kwa 5,000. Kwa hiyo kutoa −5,000 ni kuongeza 5,000. Akinifutia madeni matatu ya elfu tano tano, nimepata nafuu ya 15,000: −3 × −5,000 = 15,000. Shuleni niliambiwa "hasi mara hasi ni chanya" na nikakariri kama namba ya simu. Nilikuwa naichanganya na kujumlisha, nikawa naandika −3 + −5 = 8, kwa sababu hasi mbili zimekutana! Mtu mwenye madeni mawili hawezi kuwa tajiri.

Nimesoma kwamba mwaka 628 huko India mwanahisabati Brahmagupta aliandika kanuni za namba hasi akiziita madeni, na namba chanya akiziita mali. Karne kumi na nne zilizopita mtu alikuwa ameshalieleza hili kwa lugha ya duka, na mimi niliyekuwa nakopa sukari nikafundishwa kwa wimbo.

26 Agosti

Siku ya maana kuliko zote mpaka sasa, na haikutokea mezani.

Nilikwenda Kihonda kutengeneza pangaboi kwa mwalimu mstaafu wa hisabati. Nikamwamkia, shikamoo mwalimu, marahaba fundi, nikapanda ngazi. Ilikuwa kapasita imekufa, hakuna la ajabu. Wakati wa chai nikamweleza habari ya jaribio, akaniambia nimwonyeshe daftari. Akafungua upande wa makosa kwanza, jambo lililonipendeza. Akaweka kidole kwenye kosa namba 22:

3x = 12
x = 12 − 3
x = 9

"Hapa ulifikiri nini?"

Nikamwambia ukweli. Sisi tulifundishwa kwamba ile alama ya sawasawa ni daraja, na namba ikivuka daraja inabadili shati. Chanya inakuwa hasi, hasi inakuwa chanya. Tatu imevuka, imekuwa toa tatu.

Mwalimu akatikisa kichwa. "Mwanangu, hapo hakuna kinachovuka. Namba haina miguu. Unafanya jambo lile lile upande huu na upande ule, basi."

Akaandika polepole. Kwenye 3x, tatu imefanya nini kwa x? Imeizidisha. Tengua kwa kugawanya kwa 3, kushoto na kulia: x = 4. Kwenye x + 3 = 12, tatu imefanya nini? Imejumlishwa. Tengua kwa kutoa 3, kushoto na kulia: x = 9. Ile habari ya shati inatoa jibu kwenye swali la pili, ikifika la kwanza inakuangusha, kwa kuwa hukuwahi kuambiwa shati lile ni la nini.

Kisha akanipa moja la kuondokea: 5 − 2(x − 3) = 1. Nikaandika 5 − 2x − 6 = 1, nikapata x = −1. Hakusema nimekosea. Alisema, "Irudishe ndani." Nikaweka −1 mahali pa x: kwenye mabano −4, mara −2 ni 8, ongeza 5 ni 13. Sio 1. Nikarudi juu. −2 mara −3, yaani Mangi amefuta madeni mawili ya tatu tatu: ni +6. Basi 5 − 2x + 6 = 1, −2x = −10, x = 5. Nikairudisha: 5 − 2 × 2 = 1. Imekaa.

Pangaboi nilimtoza bei ya kapasita tu.

27 Agosti

Kanuni mpya ya nyumba: hakuna jibu linaloachwa bila kurudishwa ndani. Inakula muda. Maswali 12 kwa saa badala ya 20. Makosa leo: 2.

2 Septemba

Mafua. Dakika ishirini, macho yanatoa machozi. Nimekosea hata kunakili swali.

7 Septemba

Sehemu zenye herufi. Hapa nilidhani nitapeta, maana ni mambo ya kazini. Rezista ni kifaa kinachokinza umeme, na ukinzani wake, R, hupimwa kwa omu. Mbili zikiungwa sambamba, kanuni ni hii: 1/R = 1/R₁ + 1/R₂. Swali: ukinzani wa jumla ni omu 20, rezista moja ni omu 30, tafuta ya pili.

1/R₁ = 1/20 − 1/30. Nikasema, nikipindua kila kimoja juu chini, R₁ = 20 − 30 = −10.

Omu hasi kumi! Nimeshika waya miaka kumi na tano na sijakutana na rezista ya omu hasi kwenye duka lolote. Tena kila fundi anajua ukiunga sambamba, jumla inakuwa ndogo kuliko iliyo ndogo kuliko zote. Jumla ni 20, basi ile isiyojulikana lazima ivuke 20. Kabla sijajua kosa liko mstari gani, kazi ilikuwa imeshaniambia kwamba lipo.

Lilikuwa hapo kwenye kupindua. Huruhusiwi kupindua vipande vya upande mmoja kimoja kimoja. Kwanza uvifanye kipande kimoja. KDS ya 20 na 30 ni 60, kwa hiyo 3/60 − 2/60 = 1/60. Sasa kila upande una sehemu moja tu, pindua: R₁ = 60. Rafiki yangu wa darasa la saba, KDS, amerudi.

15 Septemba

Milinganyo miwili yenye herufi mbili. Ushahidi kwamba nimeanza kuharibika:

Dogo ninayefanya naye kazi alikwenda mara mbili dukani juzi. Safari ya kwanza soketi 6 na swichi 4, shilingi 42,000. Safari ya pili soketi 3 na swichi 5, shilingi 30,000. Risiti zina jumla tu, bei ya kimoja kimoja hamna, na mteja anaitaka. Nikakaa juu ya ndoo ya rangi nikaandika ukutani, maana ukuta ulikuwa bado haujapigwa skimu:

6s + 4w = 42,000
3s + 5w = 30,000

Nikazidisha wa pili kwa 2: 6s + 10w = 60,000. Nikatoa wa kwanza kwenye huo: 6w = 18,000, w = 3,000. Nikarudisha ndani: 3s = 15,000, s = 5,000. Soketi elfu tano, swichi elfu tatu. Nikasimama kama mtu aliyegundua madini.

Dogo akasema, "Fundi, si ungeniuliza tu?"

18 Septemba

Hesabu ya makosa mpaka leo: 71. Nimeyapanga kwa sababu. Alama ya kutoa, 34. Sehemu, 16. Kunakili vibaya kutoka mstari mmoja kwenda mwingine, 12. Mengineyo, 9. Kwenye hayo mengineyo tisa ndimo ilimo aljebra yenyewe, kutojua njia. Mengine yote ni ya darasa la tano hadi la saba, yamevaa suti.

Niliishi miaka ishirini na mbili nikiamini aljebra ndiyo ilinishinda.

21 Septemba

Milinganyo ya kipeo cha pili. Siku tatu nimekariri ile kanuni ndefu yenye kipeuo na kila asubuhi imepotea. Leo umeme ulikatika usiku (ndiyo, hata kwa fundi), nikabaki na simu na mshumaa, nikasoma habari za al-Khwarizmi. Huyu aliishi Baghdad karne ya 9, na kitabu chake ndicho kilicholipa somo hili jina. Jina la kitabu linataja hisab, al-jabr na al-muqabala.

Ngoja. Hisab ni hesabu yetu. Muqabala ni mkabala, lile lile tunalosema "duka liko mkabala na msikiti". Kitabu kilicholipa somo la aljebra jina kina maneno yanayozunguka mitaa ya Msamvu kila siku! Al-jabr ni kurudisha kilichovunjika, neno lililotumika hata kwa kuunga mfupa. Ukiwa na x − 5 = 12, x imekatwa tano, unairudishia tano yake, na upande wa mkabala unaongeza tano vilevile. Ni jambo lile lile pande zote mbili, kama alivyosema mwalimu wangu wa Kihonda. Hakuna daraja, hakuna shati.

Al-Khwarizmi hakuwa na x. Aliandika kwa maneno matupu. Kile tunachoandika x² alikiita mal, na x akaiita mzizi. Swali lake maarufu, ukilisema kwa Kiswahili, ni kama mtu wa hapa kaliuliza: mali na mizizi kumi ni sawa na thelathini na tisa. Kwa uandishi wetu: x² + 10x = 39.

Njia yake ni ya kuchora. Kulipokucha nilichora kwa chaki sakafuni kwenye nyumba ninayofanyia kazi. Chora mraba wa x kwa x, hiyo ndiyo mali. Ile mizizi kumi igawe nusu kwa nusu: mstatili wa 5 kwa x ubavuni, mwingine wa 5 kwa x chini. Eneo la vyote vitatu ni 39. Sasa tazama umbo. Linakaribia kuwa mraba mkubwa, ila kona moja ina pengo, na pengo hilo ni 5 kwa 5, yaani 25. Fundi vigae anaiona kabla hujamwambia. Ziba pengo: 39 + 25 = 64. Mraba wenye eneo la 64 una ubavu wa 8. Ubavu huo ni x na 5. Basi x ni 3. Rudisha ndani: 9 + 30 = 39.

Nilikaa pale nikiuangalia ule mraba mpaka dogo akauliza kama tumepotea vipimo.

Kuna jibu la pili, −13: 169 − 130 = 39. Mzee al-Khwarizmi hakulihesabu, na ukiangalia mchoro unaelewa, hakuna kigae chenye ubavu wa −13. Mtihani lakini utalitaka. Kipeuo cha 64 ni 8, pia ni −8, na −8 toa 5 ni −13.

Ile kanuni ndefu nimeitazama tena leo. Ni mchoro huu huu, mtu kaufanya kwa herufi badala ya chaki.

29 Septemba

Hili halimo kwenye maandalizi ila siwezi kuliacha. Mteja analalamika hita yake ya maji ya wati 2,000 jioni haichemshi, asubuhi iko sawa. Zamani ningebadilisha elementi, na nimeshawahi, na hela nilichukua. Safari hii nilipima volti saa moja usiku: 190 badala ya 230.

P = V²/R, yaani nguvu kwa wati ni volti mara volti, gawanya kwa ukinzani. R ni ile ile, 230² ÷ 2,000 = omu 26.45. Kwa volti 190: 36,100 ÷ 26.45, ni wati 1,365 hivi. Volti imeshuka kwa asilimia 17, nguvu imeshuka kwa karibu asilimia 32, kwa sababu ya kile kipeo cha pili. Elementi nzima kabisa. Nilimwandikia mteja hesabu hiyo nyuma ya risiti na akaikunja akaweka mfukoni. Sidhani kama aliiamini, lakini hakununua elementi.

5 Oktoba

Jaribio la nyumbani, saa moja na nusu kwa saa ya ukutani, binti ndiye msimamizi. 11 kati ya 20. Akisahihisha ana maneno yake: "Baba, hapa umekula alama. Na hapa umekula tena." Nilikuwa na njaa kweli.

Tatizo jipya ni muda. Kurudisha ndani kila jibu kumenila dakika 25. Nimeamua kurudisha ndani yale tu yenye mabano yanayoanzwa na alama ya kutoa, na yenye sehemu. Yale ya kawaida niyaamini.

13 Oktoba

Jaribio limefanyika. Tulikuwa chumba kizima cha watu wazima, mmoja ana mvi kunishinda. Swali la 6 lilikuwa rezista sambamba, nikacheka mwenyewe. Maswali mawili ya mwisho sikuyafikia.

17 Oktoba

14.

Kesho ni Jumamosi na nina kazi Bigwa, nyumba ya vyumba vinne, waya upya.

Chuo kimeturudishia karatasi. Makosa ni manne ukiacha yale mawili ambayo sikuyafikia, na nimeyaingiza kwenye daftari, kutoka namba 94 hadi 97. Moja ni la sehemu. Matatu ni alama ya kutoa. La mwisho, namba 97: nimeandika −7 mstari wa chini kabisa wa ukurasa, nikafungua ukurasa mpya, nikaanza na 7.